Kunjeli, Mshona Kanzu za Masista

Cherehani ya Kunjeli ilikaa dirishani, upande wa barabara ya kanisa, na sisi majirani tulizoea kuamka kwa mlio wake. Maisha yake yote alishona kitu kimoja tu, nacho ni kanzu za masista. Watawa wa pale kwetu Kuruvikkara, na hata wa ng'ambo ya mto, walivaa nguo iliyopita mikononi mwake. Kanzu zilizokwisha zilining'inia sebuleni kwenye kamba, nyeupe, hazina vichwa wala miguu, na upepo ukitoka kwenye miti ya mpira zilisogea kidogo kidogo kama watu wanaosali kimoyomoyo. Watoto wetu waliogopa kuingia. Mimi nilipoletwa kama bibi harusi nyumba ya pili kutoka kwake niliogopa pia, kisha nikazoea, nikawa nakwenda jioni kumsaidia kupiga pasi. Hapo ndipo nilipoyasikia haya, kipande leo, kipande kesho, jinsi mtu anavyosimulia huku ana pini mdomoni.

Mumewe aliitwa Uthuppu. Alikuwa mtu wa miti, si wa maneno. Kabla ya jua alishaingia kwenye shamba lake dogo la mpira nyuma ya nyumba, anachanja gome na kutega vifuu vya kukinga utomvu, na ukungu ulimfunika mpaka kiunoni hata akaonekana kama anaelea. Akirudi alikaa kwenye kiti chake cha kujinyoosha barazani, Kunjeli akamletea kahawa nyeusi ya sukari guru iliyopondewa pilipili manga kidogo. Hawakuwa watu wa kugombana. Walikaa miaka mingi bila mtoto, na walipokwisha kukata tamaa akaja Tessi.

Tessi alipokuwa mdogo, hajaanza hata komunyo, alishikwa na homa iliyokataa dawa. Siku moja mchana mtoto aliacha kujibu akiitwa. Kunjeli alipiga magoti chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akasema, "Akipona, ni wako." Basi. Uthuppu alikuwa shambani. Jioni mtoto aliomba uji wa wali, na katika furaha ile Kunjeli hakumwambia mumewe alichoahidi. Kesho yake hakumwambia pia. Nadhiri ile ilikaa ndani yake kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo, na mtu huvaa nguo ya namna hiyo siku nyingi kabla haijamchoma.

Ikamchoma Tessi alipomaliza shule. Binti alisema anataka utawa. Uthuppu alicheka kwanza, akidhani ni utoto, kisha akaona kwamba si mchezo, akakataa. Alikataa msimu mzima wa mvua. Padri alikuja kuzungumza naye, masista wakaja, kila mtu akapewa kahawa na jibu lile lile: "Mimi nina mtoto mmoja. Mungu anao wengi."

Siku moja mezani Kunjeli alichoka. Neno likamtoka kabla hajalipima. Alimwambia mumewe kwamba anagombania kitu ambacho si chake, kwa kuwa yeye alishamtoa mtoto huyu zamani, siku ile ya homa.

Uthuppu aliweka tonge chini. "Ulimtoa?"

"Nilimtoa."

"Bila kuniuliza?"

"Ulikuwa shambani."

Tangu siku ile hakukataa tena. Asubuhi ya safari, mwanzo wa Juni, mvua ikinyesha kwa utulivu kana kwamba inasubiri mtu, alijitwisha sanduku la bati la binti yake akaenda nalo mpaka kituo cha basi, Tessi akimfuata nyuma na mwavuli. Basi likaondoka. Uthuppu akarudi, akanywa kahawa yake, akaosha glasi mwenyewe na kuifunika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kisha akachukua kisu chake na misuli yake ya kuvaa, miwili mitatu, akavifunga kwenye taulo, akasema, "Nakwenda kuangalia pilipili manga." Marehemu kaka yake alikuwa amemwachia kipande cha shamba huko juu milimani, kwenye baridi. Kunjeli alimwona akishuka ngazi. Alidhani atarudi Jumamosi.

Hakurudi Jumamosi ile wala iliyofuata. Miaka ikaenda.

Sisi hatuna desturi ya kusema fulani na fulani wameachana. Kwetu ndoa inafungwa na kanisa, na ufunguo wa kuifungulia hana mtu. Kwa hiyo mtu akiuliza Uthuppu yuko wapi, anajibiwa kwamba yuko juu, kwenye pilipili manga. Kanisani wanaume husimama upande wao na wanawake upande wao, kwa hiyo ndoa iliyokufa na ndoa iliyo hai haziwezi kutofautishwa ukiwa kwenye misa, na Kunjeli alishukuru kwa hilo. Aliyesema wazi alikuwa Aleykutty tu, mama anayepita na samaki kwenye beseni. "Jamani Kunjeli," alikuwa akiuliza kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "ni pilipili gani hiyo isiyoisha kuvunwa? Au anaihesabu moja moja?" Kunjeli alichagua dagaa wake akaingia ndani.

Kila msimu kondakta wa basi aliteremsha gunia la pilipili manga mbele ya lango, hakuna salamu. Kila Krismasi Kunjeli alimpa kondakta huyo huyo shati alilolishona kwa vitambaa vilivyobaki, ampelekee Uthuppu. Huko juu wanaume wenzake walimtania Uthuppu kwamba anavaa masalia ya masista. Yeye alilivaa mpaka likachanika mgongoni.

Tessi naye akawa Sista Jyothis. Shirika lake lilimpeleka mbali, kaskazini, Jharkhand, kwenye zahanati ya watu wa msituni. Alipata likizo mara chache mno. Akija alilala kwa mama yake siku kadhaa, kisha akapanda basi kwenda kumsalimu baba. Uthuppu alimpokea kwa heshima zote. Alisimama alipoingia, akamfutia kiti, akamwita "Sista" kama anavyomwita sista yeyote aliyepita kuomba maji. Binti alirudi chini macho mekundu na kusema milimani kuna moshi wa kuni.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa walipokuja watu wa sinema.

Walikuwa wanatafuta nyumba ya zamani ya Wakristo, yenye ghala la mbao katikati na baraza pana. Paroko akawaleta kwa Kunjeli. Mwongozaji alikuwa kijana mwenye ndevu aitwaye Jithin, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mimi nilikuwepo, na Aleykutty alikuwepo na beseni lake. Kunjeli aliuliza hadithi yenyewe inahusu nini. Jithin akamweleza kwa furaha: kuna sista anasikia kwamba wazazi wake, uzeeni, wanataka kutengana, basi anaomba ruhusa utawani, anarudi nyumbani kuwapatanisha.

Sisi wote tukatazama chini. Hata Aleykutty alijishughulisha na samaki. Kijana wa watu hakujua alichokisema.

Kunjeli alikunja kitambaa alichokishika, akakikunja tena. "Mwishoni wanapatana?"

"Wanapatana, mama. Ni filamu ya familia."

"Basi njooni."

Walipokuja nyumba ilianza kuwa ndoto. Walizipaka kuta rangi ili zionekane zimechakaa zaidi ya zilivyochakaa. Waliteremsha picha ya harusi ya Kunjeli na Uthuppu, wakaifunga kwenye gazeti kwa adabu, na mahali pake wakatundika picha ya harusi ya watu wawili waigizaji, iliyozeeshwa kwa rangi ya kahawia kama picha ya enzi hizo. Waya nene zililala koridoni kama nyoka walioshiba. Kunjeli alihamia upande wa jikoni na cherehani yake, na akipita sebuleni usiku wa kwanza wa wiki ile alisimama mbele ya picha ile ngeni akijaribu kukumbuka ni ndugu zake wa upande gani.

Aliyeigiza sista alikuwa msichana wa Palakkad aitwaye Nila, Mhindu, ambaye hakuwahi kuingia kanisani ila kwenye harusi za marafiki. Kanzu yake alimshonea Kunjeli, na Kunjeli ndiye aliyemfundisha kuivaa. Alimwambia asiikusanye kwa mkono akitaka kukaa, kwa sababu hiyo si sari. Aikalie tu, itajipanga yenyewe. Alimwonyesha jinsi ya kubana shela bila kioo, kwa kuwa masista wa zamani hawakuwa na vioo. Nila alijifunza haraka. Siku moja akauliza, "Na moyoni, mama? Moyoni sista anakaaje?"

"Hiyo sijui, mwanangu," alisema Kunjeli. "Mimi nashona za nje."

Aliyeigiza baba alikuwa mzee wa michezo ya jukwaani, Bhargavan, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa na mazoea ya kuwahi. Asubuhi ya kwanza Kunjeli alitoka barazani ukungu haujainuka, akamwona mwanamume amempa mgongo, msuli mweupe, amejinyoosha kwenye kile kiti. Akageuka akaingia jikoni. Akachemsha maji, akatia sukari guru, akaponda pilipili manga, akapeleka glasi na kuiweka kwenye mkono wa kiti bila kusema, akarudi. Ni pale aliposhika kijiti kuchochea moto ndipo alipokumbuka. Alikaa chini pale pale, kando ya jiko, mpaka moto ukazimika.

Aliniambia aliona aibu. Lakini kesho yake alipeleka tena kahawa, safari hii akijua anachokifanya, na kesho kutwa pia. Mzee Bhargavan alidhani ndiyo desturi ya nyumba hiyo. Alikunywa na kusema kahawa hii inaamsha mpaka wafu.

Ikafika siku ya kupiga picha ugomvi. Baba alitakiwa apige kelele mezani, atupe sahani ukutani, atoke nje asirudi. Walirudia mara nyingi, na kila mara akaletewa sahani mpya yenye wali, na kila mara ikavunjika. Kunjeli alisimama mlango wa jikoni akitazama. Waliponyamaza, mzee akaja kukaa kwenye kizingiti akihema, akaomba radhi kwa fujo aliyoifanya katika nyumba ya watu.

"Wala, kaka," Kunjeli alimwambia. "Vunja tu. Wangu aliosha glasi."

Mzee hakuelewa. "Aliosha glasi?"

"Aliiosha, akaifunika, akaondoka. Angenivunjia hata sahani moja, ningejua pa kuanzia."

Kuanzia siku ile Bhargavan alikuwa akimsalimu kwa kusimama.

Habari nazo zina miguu. Kondakta alizipeleka milimani pamoja na magazeti, na kwenye kibanda cha chai cha huko, mbele ya wanaume wote, alimwambia Uthuppu, "Mzee, hongera. Kiti chako kimepata mwenyewe. Na kahawa anapelekewa." Watu wakacheka mpaka mwenye chai akamwaga maziwa. Uthuppu alilipia chai yake akaenda zake. Kesho yake alipanda basi la kwanza kushuka.

Siku hiyo anga lilikuwa jeupe kwa jua, vumbi limelala juu ya majani. Alishuka kituoni, akapita kanisa, na alipofika kwenye kona aliona mvua inanyesha juu ya nyumba yake. Juu ya nyumba yake tu. Kwetu palikuwa pakavu, barabarani palikuwa pakavu, nguo za mama mkwe wangu zilikuwa zimeanikwa, na pale kwa Kunjeli maji yalimiminika juu ya vigae na kudondoka kwenye ukingo wa paa kama katikati ya masika. Hakuona mipira ya maji wala gari la zimamoto nyuma ya nyumba. Alisimama na mwavuli wake uliofungwa. Aliwahi kuniambia kwamba pale alidhani amekufa ndani ya basi na hajaambiwa.

Kijana mmoja mwenye karatasi mkononi akamkimbilia. "Wewe mzee, mbona umechelewa? Kaa pale na wenzako. Na usiangalie kamera."

Pembeni palikuwa na viti, na juu yake watu waliokodiwa kuwa majirani waliokuja kusali rozari. Uthuppu alikuwa mtu wa kutii mwenye sauti ya mamlaka, na isitoshe alitaka kuona. Akakaa. Akaona barazani mwanamume mwenye msuli mweupe amekaa kitini pake, uso umegeukia pembeni. Akaona sista kijana anatoka kwenye mvua ile, kanzu imeloa imemganda mwilini, anapiga magoti mbele ya yule mzee na kuweka kichwa chake magotini pake. Na yule mzee, baada ya muda mrefu, anaweka mkono juu ya shela.

Maji yakafungwa, jua likarudi. Jithin alipita akiwa amefurahi, akampiga Uthuppu begani na kumwambia kwamba kati ya wote yeye ndiye aliyelia kwa kweli. Uthuppu akasema jicho limeingia maji.

Mchana Kunjeli alitoka kuwasaidia kugawa chakula. Alikwenda na mtungi wa maji ya moto ya bizari, akimimina safu kwa safu, mpaka akafikia mkono anaoujua. Alimimina ukajaa ukamwagika.

"Umekuja lini?"

"Asubuhi. Nimeambiwa nisiangalie kamera."

"Umekula?"

"Wamenipa wali. Mchuzi hauna chumvi."

Nyumba nzima ilikuwa ya wageni isipokuwa jiko, basi akamwingiza jikoni. Mimi nilikuwa nje ya dirisha nikiosha masufuria, na sikujifanya kuondoka. Alimwekea mihogo ya kuchemsha na samaki mwekundu wa chungu. Uthuppu alikula kama mtu anayekumbuka njia. Kisha akauliza yule anayekaa kitini pake ni nani.

"Mume wangu," alisema Kunjeli. "Wa sinema. Anapiga kelele, anavunja sahani."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Hawajaniandikia la kusema."

Nilisikia anacheka, kidogo, kwa pua. Sijui ni yupi kati yao. Uthuppu ndiye aliyezungumza tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba swali mpaka likamchubua bega.

"Ulipomtoa, ulisemaje? Nataka maneno yenyewe."

"Nilisema, akipona, ni wako."

"Ni hayo tu?"

"Hayo tu. Homa haikunipa nafasi ya maneno mengi."

"Mimi nilikuwa pale nyuma, Kunjeli. Pale kwenye miti. Ungeita ningesikia."

"Niliogopa ungekataa. Halafu afe."

"Ningekataa nini?" alisema Uthuppu. "Ningekuja nikapiga magoti na wewe."

Nilichungulia, Mungu anisamehe. Kunjeli alikuwa amekaa kwenye kigoda, ncha ya mtandio wake mweupe mdomoni, machozi yanamtoka bila sauti. Miaka yote ile alidhani mwenzake amekasirika kwa sababu mtoto ametolewa. Kumbe kilichomuuma ni kwamba mtoto alitolewa na mtu mmoja.

"Nilikukosea," alisema.

Uthuppu hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisukuma sahani mbele akaomba samaki kidogo zaidi.

Alilala kwetu, kwa baba mkwe wangu, kwa sababu vyumba vyake vilijaa taa na masanduku. Asubuhi, kabla ya kupanda basi, alikuja mpaka langoni akauliza kama huko kwa Sista treni inafika. Kunjeli akasema inafika, ila ni mbali mno. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kwenda. Uthuppu akasema pilipili manga ikishavunwa atakuwa na nafasi.

Watu wa sinema walipofungasha, Nila alikumbatiana na Kunjeli kwa muda mrefu na akaomba abaki na kanzu. Picha ya harusi ilitolewa kwenye gazeti ikarudi ukutani, pembeni kidogo ya pale ilipokuwa, kwa sababu msumari wa zamani haukushika tena.

Baada ya Krismasi wakasafiri. Hiyo safari Kunjeli ameisimulia mara nyingi, na kila mara kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia usingizi wake. Walikaa wakitazamana, kila mmoja dirishani kwake, chakula kimefungwa kwenye jani la mgomba katikati yao. Minazi ilikwisha. Mito ilipita chini yao, mikubwa, isiyo na maji, mchanga tu unaong'aa. Lugha ya wauza chai ilibadilika wakiwa wamelala, na walipoamka hawakuweza tena kuomba hata maji ila kwa vidole. Uthuppu, ambaye hakuwahi kutoka nje ya milima yetu, alianza kumuuliza mkewe mambo madogo madogo. Je, mama yake Kunjeli alifariki kwa nini hasa? Ule mfenesi wa kisimani bado unazaa? Nani siku hizi anagema mpira? Alimjibu moja moja. Anasema ilikuwa kama kuchumbiwa, ila bila wazee na bila haya. Usiku baridi ilipoingia Uthuppu alimfunika shuka, naye Kunjeli akajifanya amelala.

Sista Jyothis aliwapokea kwenye kituo kidogo chenye mti mmoja na mbuzi. Alikuwa mweusi kwa jua, ameota mvi chache pembeni ya shela. Uthuppu alipomwona alisimama wima kama kawaida yake, lakini neno "Sista" halikutoka, wala jina lingine. Akachukua mfuko aliokuwa ameshika binti yake akaubeba yeye.

Jioni walikaa nyuma ya zahanati, wagonjwa wameondoka, moshi wa majani makavu umetanda juu ya mashamba. Hapo Kunjeli alimwambia binti yake yote, ya homa na ya nadhiri, maana hakutaka kufa nayo. Sista alisikiliza huku anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, mimi nilikuwa naumwa, sikuwa nimekufa," alisema. "Nilikusikia."

Kunjeli akashika kifua. "Kwa hiyo ulikuja huku kunilipia?"

"Nilisahau, mama. Nilikumbuka nikiwa mkubwa, nimeshavaa kanzu, nikacheka peke yangu. Mtu hawezi kukaa huku kwa nadhiri ya mwingine. Hata masika mawili hafiki. Nilikuja kwa sababu nilitaka."

Kisha akamgeukia baba yake. "Na wewe, baba, usiseme ulipokonywa. Ulinibebea sanduku kichwani mpaka kituoni, kwenye mvua. Mimi nilijua ndiyo baraka yako. Nimeishi nayo huku miaka yote."

Uthuppu alitazama mashamba. "Lilikuwa sanduku tu," alisema. "Lilikuwa zito."

"Najua lilikuwa zito."

Wakala wali na dengu. Uthuppu alikula sahani moja na binti yake, tonge lake na lake, kama walivyokuwa wakila zamani Tessi akiwa mdogo, na Kunjeli alijifanya anatafuta chumvi ili asiwaangalie.

Filamu ilitoka wakati wa Onam, sikukuu yetu ya mavuno. Sisi wanawake tulikodi gari twende mjini kuitazama. Pale mwishoni wazee wawili walikumbatiana chini ya ile mvua, muziki ukapanda, na Aleykutty akalia akapenga kamasi kwa mtandio wa jirani. Mzee wetu Uthuppu alionekana kidogo nyuma, kiti cha mwisho, akipangusa macho, tukapiga kelele ukumbini mpaka tukanyamazishwa. Kunjeli alikuwa amesinzia begani kwangu. Tulipomuuliza njiani ameionaje alisema nyumba imependeza.

Watu huniuliza kama wamepatana. Sijui niwajibu nini, kwa sababu hawakukumbatiana mvuani, na Uthuppu hajarudi kuishi chini. Anasema mwili wake umezoea baridi. Siku za Jumamosi hushuka na basi la mchana, hulala chumba cha magharibi, Jumapili husimama upande wake wa kanisa, na Jumatatu hupanda tena akiwa na chungu cha samaki kimefungwa kwa kitambaa. Mpira wamemkodisha mtu. Cherehani haikimbii tena kama zamani. Macho ya Kunjeli yamechoka, na masista wa sasa wengi hununua kanzu zilizoshonwa kiwandani.

Mwaka huu wakati wa mavuno alikwenda yeye huko juu, nami nikamsindikiza. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya nyumba, hujui kikombe chako kiko wapi. Nilipotoka asubuhi niliwakuta uani juu ya mkeka, wanakanyaga vichala vya pilipili manga kwa miguu mitupu ili punje zitoke, polepole, mmoja amemshika mwenzake bega ili asiteleze. Punje za kijani zilibingirika pande zote, na harufu yake ilikuwa kali hata nikapiga chafya. Kunjeli akageuka, akaniambia nisisimame kama mgeni, nilete ungo, jua likitoka tuanze kuanika.